Ujerumani nilikuwa na leza, hapa nina mashine iliyofunikwa kitambaa: nirudi?

Mwalimu, shikamoo.

Nina miaka 34, ni mhadhiri wa kemia katika chuo kimoja cha umma hapa Tanzania. Nimeolewa na tuna binti aliyeanza chekechea mwaka huu. Nakuandikia kwa sababu watu watatu wanasubiri jibu langu, na wote wanalitaka kabla mwezi haujaisha.

Nieleze kwanza kazi yangu, maana hata mume wangu akiulizwa mkewe anafanya nini husema "mambo ya mwanga", kisha anahamia kwenye mpira. Uzamivu nilifanyia Ujerumani. Nilikuwa nachunguza protini ambazo mmea huzitumia kutambua nuru ya buluu, zile zinazoufanya mche ulioko dirishani uinamie upande wa jua. Ndani yake kuna flavini, molekuli ya ukoo wa vitamini B2. Nuru ikiipiga, flavini hupata nishati, ndani ya nanosekunde chache hubadilika hali, na baada ya maikrosekunde chache inakuwa imejifunga kwenye asidi ya amino iliyo jirani yake. Hapo protini nzima hujipanga upya, na mmea unakuwa umejua kwamba kumekucha. Kazi yangu ilikuwa kuzifuatilia hatua za mwanzo kabisa kwa leza ya femtosekunde, ambayo mipigo yake hupimwa kwa sehemu ya milioni ya bilioni ya sekunde. Huo ndio ulikuwa usingizi wangu na ndiyo ilikuwa njozi yangu.

Nilirudi kwa sababu chuo kilinipa likizo ya masomo na mkataba ulinitaka nirudi, na pia kwa sababu nilitaka kurudi. Hilo la pili watu hawaliamini.

Idara yetu ina spektrofotometa moja ya nuru inayoonekana na urujuanimno, yaani mashine inayopima sampuli inafyonza mwanga kiasi gani. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaigombania kwenye mazoezi ya maabara. Ipo pia mashine ya infraredi tuliyopewa msaada kabla sijaajiriwa. Imefunikwa kitambaa cha meza, na juu yake mtu ameweka mafaili. Fundi wa mwisho aliyeifungua alisema imekufa, hakuandika imekufa nini. Leza hatuna. Nafundisha kozi nne, mojawapo ina wanafunzi zaidi ya mia tatu, na nasahihisha mitihani mpaka macho yananiwasha. Tangu nirudi nimechapisha makala moja, na data zake zote ni za Ujerumani. Bila machapisho sipandi kuwa mhadhiri mwandamizi, na kwa hali ilivyo siyaoni yatatoka wapi.

Sasa hao watatu. Profesa wangu wa Ujerumani ameniandikia kwamba ana nafasi ya postidoki, utafiti wa baada ya uzamivu, ya miaka miwili, na leza ni ileile. Kampuni moja ya vinywaji inanitaka nikasimamie maabara yao ya ubora kwa mshahara unaokaribia mara tatu ya huu. Mkuu wa idara naye anasema nivumilie, mambo yatakaa sawa, ila tangu nimfahamu anasema hivyohivyo.

Mume wangu anasema, "Amua wewe, mimi nipo nyuma yako." Mwalimu, bora angegomba. Mama yangu anasema nikichukua kazi ya kampuni nitamaliza nyumba. Shemeji yangu anauliza kila sikukuu kama nimeshagundua dawa.

Sikuulizi nitapata wapi pesa. Nauliza hivi: mtu wa spektroskopia na baiofizikia anaweza kweli kuwa mtafiti akiwa hapa, au najidanganya? Mwenzangu mmoja aliniambia kuchungulia molekuli kwa mwanga ni sayansi ya matajiri, sisi tungesoma kilimo. Nilicheka mbele yake. Nyumbani sikucheka.

Mtafiti Asiye na Leza

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na huyo mwenzako wa kilimo, kwa sababu amekosea kwa namna inayotusaidia. Watu wa nafaka wanatumia spektroskopia ya infraredi kila siku: unyevu wa mahindi, protini ya ngano, mafuta ya mbegu, vyote hupimwa kwa mwanga bila kusaga punje. Na ni wataalamu wa namna hiyo, wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, walioshirikiana na watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara kuuliza swali ambalo Ulaya hakuna anayelikosea usingizi: je, mwanga huohuo unaweza kutuambia umri wa mbu? Mwaka 2009 Valeliana Mayagaya na wenzake walichapisha kwamba infraredi ya karibu inaweza kumtenganisha Anopheles mchanga na mzee, na hata kutofautisha spishi zinazofanana kwa macho.

Unajua kwa nini umri wa mbu ni jambo kubwa. Kimelea cha malaria huhitaji takriban siku 10 hadi 14 ndani ya mbu kabla ya kuweza kumwambukiza mtu, na mbu wengi hufa kabla ya hapo. Kwa hiyo mwenye hatari ni mbu kikongwe. Ukitaka kujua kama vyandarua vya kijiji fulani vinafanya kazi, tazama kama vikongwe wamepungua. Njia ya zamani ilikuwa kumpasua mbu mmojammoja chini ya hadubini na kukagua ovari zake, kazi ya kupofusha mtu. Baadaye Ifakara, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow, wakahamia infraredi ya kati: mbu aliyekaushwa anabanwa juu ya kioo kidogo, mwanga unasoma kitini, nta na protini za gamba lake, kisha kompyuta inafundishwa kutambua tofauti. Kufikia 2019 walikuwa wanajaribu njia hiyohiyo kutafuta dalili za malaria kwenye matone ya damu yaliyokaushwa juu ya karatasi.

Mashine waliyotumia inakaa juu ya meza. Ni ya ukoo mmoja na hiyo yenu iliyofunikwa kitambaa.

Kwa hiyo tuifunue. Mashine ya infraredi huuawa na vitu vinavyojulikana, na "imekufa" si jina la ugonjwa. Cha kwanza ni unyevu. Kigawa-mwanga na vidirisha vya mashine nyingi za aina hii hutengenezwa kwa bromidi ya potasiamu, ambayo ni chumvi, na chumvi ikikaa kwenye chumba chenye joto la pwani bila kiyoyozi hunyonya maji mpaka inakuwa na ukungu. Ndani kuna vifuko vya kukausha hewa vinavyopaswa kubadilishwa au kuokwa upya. Muulize aliyekuwepo mara ya mwisho vilibadilishwa lini, halafu usishangae akikuuliza vifuko gani. Cha pili ni chanzo cha infraredi chenyewe, ambacho huungua kama balbu na hubadilishwa kama balbu. Cha tatu kitakuchekesha. Umeniandikia kwamba idara haina leza. Karibu kila mashine ya infraredi ya aina ya Fourier ina leza ndogo ndani, kwa kawaida ya heliamu na neoni, inayopima mwendo wa kioo kinachotembea. Ikififia, mashine haijui kioo kiko wapi, na inakataa kufanya kazi. Hiyo ni sababu ya kawaida kabisa ya mashine za msaada kugeuzwa meza za mafaili.

Sisemi itapona. Nasema tafuta namba ya toleo, mwandikie mtengenezaji, omba orodha ya makosa ambayo mashine yenyewe huyaandika ikiwashwa, na mwite fundi wa vifaa vya hospitali ambaye amezoea kutafuta chanzo cha hitilafu kwa mita mkononi. Vipuri vikipatikana, agiza vidirisha vya selenidi ya zinki, maana hivyo haviogopi maji. Na umeme: usiunganishe chochote moja kwa moja ukutani. Nimeona taa nyingi za deuteri, zile za spektrofotometa, zikifa kwa umeme kukatika na kurudi kuliko kwa uzee.

Sasa turudi kwenye swali lako.

Umesoma maisha ya protini yako katika sehemu yake ya haraka zaidi, na umeanza kuamini kwamba hiyo ndiyo protini yenyewe. Kumbuka mzunguko mzima. Flavini ikishajifunga, haikai hivyo milele. Gizani kile kifungo huachia, na protini hurudi ilivyokuwa. LOV2, kipande kinachohisi nuru cha protini ya mmea wa oti, hurudi ndani ya dakika chache. YtvA, protini ya aina hiyo ya bakteria Bacillus subtilis, huchukua zaidi ya saa nzima. Hicho kipimo hakihitaji leza ya femtosekunde. Kinahitaji taa ya LED ya buluu, kikasha kilichofunikwa karatasi nyeusi, na ile spektrofotometa inayogombaniwa na mwaka wa kwanza. Unaimulika sampuli, ufyonzaji wa pale karibu na nanomita 450 unashuka, unazima taa, unakaa unautazama ukipanda. Mwaka wa kwanza hawaji Jumamosi.

Utaniambia mambo hayo yalishapimwa. Ya oti yalipimwa, ndiyo, kwenye nyuzi joto za kiyoyozi. Lakini mwaka 2017 watafiti wa Japani walionyesha jambo ambalo nadhani unalijua na hujaliunganisha na nyumbani: katika mmea mdogo usiotoa maua, Marchantia, fototropini, mojawapo ya protini zako za nuru ya buluu, ndiyo hutumika pia kama kipimajoto. Joto likipanda, kifungo cha flavini huachia upesi zaidi, na muda huo ndio mmea unaosoma. Yaani protini moja inapima nuru na joto kwa pamoja, na siri iko kwenye ile hatua ya polepole uliyoiruka.

Basi niambie: fototropini ya mtama hufanyaje jani likiwa na nyuzi 40? Ya kunde? Ya mihogo? Mimea hii inalimwa Dodoma na Singida chini ya jua ambalo nyumba za kioo za kuoteshea mimea huko Ulaya zinalipigania kwa bili ya umeme. Je, aina za mtama zinazovumilia ukame zina kasi tofauti ya kurudi gizani, au zote ni sawa? Silijui jibu, na ndiyo maana swali linanisisimua. Kinachotakiwa ni jeni, bakteria wa kuizalisha protini, safu ya kuisafisha, na chombo cha kushikilia sampuli kwenye nyuzi joto unazotaka. Plasmidi, kile kiduara cha DNA kinachobeba jeni, husafiri ikiwa imekaushwa kwenye kipande cha karatasi ya chujio ndani ya bahasha; profesa wako anaweza kukutumia za kuanzia baada ya wewe kupata kibali cha usalama wa kibayolojia. Wanafunzi wawili wa mwaka wa mwisho wanaweza kupima kasi hizo kwa muhula mmoja, na grafu ya kasi dhidi ya joto inakupa nishati ya uamilishaji, yaani kizingiti cha nishati ambacho kifungo hukivuka ili kuachia. Hiyo ni makala. Na data zake ni za hapa.

Historia ya fani yako yenyewe iko upande wako katika hili. George Porter alikuwa ofisa wa rada katika jeshi la majini la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Alipofika Cambridge mwaka 1945 kufanya kazi na Ronald Norrish, kemia ya nuru ilikuwa ya kumulika taratibu na kungoja. Yeye, mtu aliyezoea mipigo ya umeme, akajaza kapasita chaji na kuziachia kwa mkupuo mmoja kwenye taa: mmweko mkali unavunja molekuli, mmweko wa pili dhaifu unapiga picha ya vipande vyake. Alianzia kwenye sehemu za elfu za sekunde, muda ambao katika maabara uliyotoka ni wa kuzeekea. Kwa hilo yeye na Norrish walipata nusu ya Tuzo ya Nobel ya kemia ya 1967, nusu nyingine ikaenda kwa Manfred Eigen. Ahmed Zewail, mtoto wa Damanhur na mhitimu wa Aleksandria, alifika kwenye femtosekunde na kupata Nobel ya 1999 akiwa Caltech, Marekani. Katikati ya hao wawili kuna ngazi ndefu ya nyakati, na kila ngazi ina maswali yake yasiyojibiwa na ngazi ya juu yake.

Namtaja Zewail pia kwa sababu wengi humtumia kuwalaumu waliobaki nje. Mimi simlaumu. Swali lake lilihitaji leza ambazo Misri ya miaka ya sabini isingeweza kumpa. Kama swali lako ni femtosekunde na hakuna kingine kinachokuamsha, nenda Ujerumani na usijitetee kwa mtu. Ila jiulize kwa ukweli kama unachokipenda ni swali au ni kile chumba chenye giza, meza inayoelea, na watu wanaokuelewa ukiongea. Vyote viwili vinapendeka. Ila cha pili hakidumu miaka mingi kule unakotaka kurudi.

Maana tuzungumze kuhusu huko. Sheria ya Ujerumani ya 2007 inaruhusu vyuo kukuajiri kwa mikataba ya muda kwa kigezo cha kujiendeleza kitaaluma: miaka 6 kabla ya uzamivu na, kwa kawaida, miaka 6 baada yake. Ikiisha, ama umepata uprofesa au ajira ya kudumu, ambazo ni chache, ama unaishi kwa fedha za mradi mmoja hadi mwingine. Mwaka 2021 watafiti wa huko walijaza mitandao kwa malalamiko juu ya sheria hiyo, na hao ni Wajerumani wenyewe, wasiohitaji viza. Ukienda kwa miaka miwili ukiwa na miaka 34, utarudi sokoni ukiwa na 36, na binti anaanza darasa la kwanza kwa Kijerumani.

Na Marekani je? Douglas Prasher ndiye aliyeisoma jeni ya protini ya kijani ya konyeza, ile ambayo Osamu Shimomura aliigundua mwaka 1962, na ambayo leo inang'aa katika maabara za baiolojia dunia nzima. Alichapisha mwaka 1992. Ruzuku yake ikaisha, akawagawia wenzake Martin Chalfie na Roger Tsien jeni hiyo, na hatimaye akaondoka kwenye fani. Shimomura, Chalfie na Tsien walipopata Nobel mwaka 2008, Prasher alikuwa dereva wa gari la wateja wa duka la magari huko Alabama. Wenzake walimlipia safari ya Stockholm, na baadaye akarudi maabara kwa Tsien. Simwambii mtu kisa hiki ili aogope. Nataka tu uache kufikiri kwamba hapa ndipo pekee ambapo fedha huua sayansi nzuri.

Sasa mfano wa kwetu Afrika, maana najua unautaka. Tebello Nyokong alizaliwa Lesotho mwaka 1951. Utotoni alichunga kondoo siku moja, akaenda shule siku inayofuata. Uzamili na uzamivu alifanyia Kanada, akarudi kufundisha Lesotho, na mwaka 1992 akajiunga na Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Alichagua fthalosianini, rangi za buluu na kijani ambazo viwanda huzitumia kwa tani, akauliza kama zinaweza kuua saratani. Rangi hiyo huingia kwenye seli bila kufanya kitu, mpaka imulikwe nuru nyekundu inayoweza kupenya nyama. Hapo huigeuza oksijeni kuwa ya aina kali inayoiua seli. Mwaka 2009 alipewa tuzo ya L'Oréal-UNESCO ya wanawake katika sayansi. Angalia alichofanya: alirudi, alihama nchi moja kwenda ya jirani palipowezekana kujenga maabara, na alichagua molekuli ambayo kuitengeneza hakuhitaji kuomba ruhusa ya mtu. Leza zilikuja baada ya kazi kuonekana.

Nina wazo la pili kwako, na hili ukilifanya shemeji yako atanyamaza. Nenda wodi ya watoto wachanga ya hospitali iliyo karibu nawe. Mtoto mwenye umanjano huwekwa chini ya taa ya buluu. Hiyo ni fotokemia tupu: bilirubini kwenye ngozi hufyonza nuru karibu na nanomita 460, hujikunja umbo, na maumbo mapya huweza kutolewa na mwili bila kusubiri ini kukomaa. Chanzo chake ni hospitali ya Rochford, Uingereza, miaka ya hamsini. Muuguzi Jean Ward alikuwa na tabia ya kuwatoa vichanga uani wapate hewa na jua, akaona sehemu ya ngozi iliyofunikwa na shuka imebaki ya manjano kuliko iliyopata jua. Madaktari wakamsikiliza, jambo ambalo peke yake linastahili kumbukumbu, na mwaka 1958 wakachapisha.

Tatizo la taa hizi ni kwamba zinazeeka kwa siri. Macho yako yanaona buluu ileile, lakini nguvu yake pale inapohitajika imeshuka. Kwa tiba kali, madaktari wa watoto wa Marekani wanapendekeza angalau maikrowati 30 kwa sentimita mraba kwa kila nanomita. Ni taa ngapi za mkoa wako zinafikia hapo? Tabaka la vumbi, taa iliyotundikwa juu mno, mirija iliyonunuliwa kwa sababu ni ya buluu tu: vyote vinapimika kwa spektrometa ndogo ya mkononi, na mtu anayeelewa nambari inayotoka. Mtu huyo ni wewe. Na kuna swali kubwa nyuma yake. Mwaka 2015 jaribio lililofanyika Lagos lilichapishwa likionyesha kwamba jua lililochujwa kwa karatasi maalumu ya plastiki, inayozuia urujuanimno na joto na kupitisha buluu, lilitibu vizuri kama taa za kawaida. Karatasi hizo huchoka juani. Zinachoka kwa kasi gani kwenye jua la Tabora? (Kwa mama anayesoma hapa: mtoto akiwa wa manjano mpeleke hospitali, usimwanike.) Usianze bila daktari wa watoto kuwa mshirika tangu siku ya kwanza na bila kibali cha maadili, hata kama unapima taa tu. Ukipima taa za watu bila kuwashirikisha watakuona mkaguzi.

Kazi ya kampuni nitaisema haraka. Ni kazi halali, ni spektroskopia vilevile, na kama ada za shule na nyumba zinakukaba, ichukue na usione aibu. Ila usijidanganye kwamba utafanya utafiti jioni. Uliza pia kama mkataba unakuruhusu kufundisha kwa muda, wakikataa umeshajua.

Mkuu wa idara usimwombe uvumilivu wala huruma. Mwombe vitu vitatu kwa maandishi: chumba kimoja kinachoweza kufungwa giza, ratiba inayokuachia siku moja nzima ya wiki bila kipindi, na ruhusa ya kusimamia miradi ya mwaka wa mwisho juu ya mada yako mwenyewe. Havimgharimu shilingi, kwa hiyo akikataa utakuwa umepata taarifa muhimu kumhusu.

Umesema huniulizi pesa. Nakupa hata hivyo. OWSD, shirika la wanawake wanasayansi lenye makao Trieste, limekuwa likitoa ruzuku kwa wanawake waliomaliza uzamivu na kuajiriwa katika nchi kama yetu, hadi dola 50,000, inayolipia vifaa. TWAS, akademia ya sayansi ya nchi zinazoendelea, iko mji huohuo na hutoa ruzuku za sayansi za msingi. ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia alichokianzisha mwanafizikia Abdus Salam mwaka 1964, kina mpango wa washirika unaokuwezesha kwenda kukaa na kufanya kazi mara kadhaa kwa kipindi cha miaka. Na kama masomo yako yalilipiwa na DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, waulize kama wana misaada ya vifaa kwa wahitimu wao waliorudi makwao. Wengi waliorudi hawajui, au wanajua na wanadhani ni ya wengine.

Kuhusu mume: anaposema "amua wewe" anakupa uhuru, na wewe unasikia upweke. Mpe kalenda badala ya swali. Mwambie, "Julai hadi Septemba nikiwa Ujerumani, nani atampeleka mtoto shule?" Hapo atakuwa na la kujibu, na huenda akagomba kidogo kama unavyotaka.

Maana hiyo ndiyo barua ya kumwandikia profesa wako. Mwambie miaka miwili huwezi, lakini likizo ndefu ya chuo unaweza, miezi mitatu, na utakuja na protini ya mtama uliyoisafisha mwenyewe, ambayo kundi lake hawana. Sehemu ya polepole utakuwa umeshaipima hapa; ya haraka mtaipima kwa leza yake, na jina lako litakaa mwanzo kwenye makala. Mwulize pia kama ana spektrofotometa ya zamani iliyo kwenye stoo; maabara za huko huwa nazo, na hujisikia vizuri kuzitoa. Ukiipata, dai ije na taa ya akiba na kitabu cha matengenezo, na gharama za bandarini ziwe zimekubaliwa kabla haijapakiwa. Andika wiki hii, kabla hajaitangaza nafasi.

Mwalimu